Mwenye nyumba, acha kutia chumvi chooni

"Nitie dawa gani choo kisijae?"

Swali hili nimelichoka. Hapa Kingolwira, Morogoro, naulizwa kwenye vikao vya mtaa, naulizwa msibani, naulizwa nikiwa kituoni nasubiri daladala ya kwenda Msamvu. Wanaouliza ni watu wa aina moja: mstaafu aliyejenga vyumba sita kwa kiinua mgongo, mama aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe akaongeza vyumba uani, kijana anayefanya kazi Dar es Salaam aliyepata kiwanja huku akakisimamishia vyumba vya kupangisha. Hakuna anayeniuliza kama choo chake kinawatosha wanaokitumia. Hilo wanaliona limekwisha. Wanachotaka ni jina la dawa, na wengi wanakuja wakiwa wameshajitibia: chumvi ya mawe kila mwisho wa mwezi, mafuta ya taa, magadi, oili chafu ya gereji, au pakiti ya unga iliyouzwa na kijana aliyepita mtaani na mkoba begani.

Mimi ni bwana afya. Jibu langu kwa wote ni moja, na leo naliandika ili lisomwe hata na wale nisioonana nao: hakuna kitu cha kumwaga chooni ambacho kitapunguza tope la shimo lako kiasi cha wewe kuona tofauti. Hakipo dukani, hakipo kwa mganga, hakipo kwa huyo kijana wa mkoba. Fedha uliyokwisha kutoa imepotea, na baadhi ya hivyo ulivyomwaga vimeongeza tatizo.

Swali lenye faida ni jingine kabisa: choo changu kinatumiwa na watu wangapi, na maji kiasi gani yanaingia humo kila siku?

Nipe nafasi nikuoneshe kwa nini, kwa nyumba moja niliyoifikia karibu na stesheni ya zamani ya reli. Ina vyumba vinane, choo kimoja na bafu moja, vyote juu ya shimo moja. Mwenyewe ni mzee mstaarabu sana, na nyumba yake ameitunza: ukuta umepakwa chokaa, uani pamefagiliwa, kamba za nguo zimepangwa vizuri. Baada ya shikamoo na marahaba akanionesha mfuko wa chumvi ya mawe ukutani, nyuma ya mlango wa choo. "Mwanangu, natia kila mwezi, sikosi. Mbona hakishuki?"

Tulifunua mfuniko wa pembeni. Chini ya tundu palikuwa na rundo limesimama kama kichuguu, ncha yake ikiwa karibu kabisa na zege. Pembeni mwa shimo, kwenye kuta, tope lilikuwa chini zaidi, karibu urefu wa mkono mzima. Juu ya tope ilionekana mifuko ya nailoni, pampasi zilizovimba, pedi, vipande vya nywele za bandia, chupa ya maji, na kandambili ya mtoto. Nikachukua mti mrefu, nikaliangusha lile rundo na kulisambaza, kisha tukamwaga ndoo mbili za maji ya kawaida. Ukichungulia kupitia tunduni, choo kilikuwa "kimeshuka". Hatukutia chumvi hata chembe. Hakuna hata kijiko kimoja cha kinyesi kilichopungua. Kilichotokea ni kwamba rundo limelala.

Hapo ndipo penye siri ya dawa zote za choo. Karibu kila anayeziuza hukuelekeza uzimwage pamoja na maji mengi. Maji yanaangusha kichuguu, wewe unachungulia, unaona kumeshuka, unamsifu aliyekuuzia, na mwezi ujao unarudi kwake. Wapo pia wanaotia dawa masika yanapoisha. Wakati huo maji ya ardhini nayo yanashuka yenyewe, yaliyojaa shimoni yanapata pa kwenda, na sifa inakwenda kwa chumvi. Ungeacha kutia chochote mwezi wa Juni, choo kingeshuka vilevile.

Chumvi ndiyo inayoaminiwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Tope la shimoni hupungua kwa njia mbili tu. Ya kwanza, maji yake hunywea udongoni kupitia kuta za shimo. Ya pili, vijidudu vilivyomo hukila polepole kile kinacholika na kukigeuza gesi na maji. Chumvi haisaidii hata njia moja kati ya hizo. Vijidudu inavinyang'anya maji ya mwilini mwavyo, vikadumaa au kufa. Ndiyo sababu samaki wa ng'onda hutiwa chumvi ili asioze. Kitu unachokitegemea kizuie kuoza sokoni, kwa nini ukitegemee kiharakishe kuoza chooni? Na kwenye udongo wa mfinyanzi, sodiamu iliyomo kwenye chumvi hulegeza chembe za udongo, zinatawanyika na kuziba vile vitundu vidogo ambavyo maji yangepitia. Tena chumvi hula nondo. Zege la choo lenye nondo zilizooza ndani halitoi taarifa siku litakapovunjika, na juu yake ndipo mtoto wa mpangaji anapochuchumaa.

Nitakuwa mkweli: kilo mbili za chumvi ndani ya tani tatu za tope ni kidogo mno kuleta madhara hayo yote kwa mara moja. Lakini mwenye nyumba anayerudia kila mwezi kwa miaka anajenga tatizo kwa mkono wake na kulilipia.

Mafuta ya taa yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayowapotosha watu. Yakielea juu ya maji ya shimo huwanyima pumzi viluwiluwi vya mbu, na mbu wanapungua. Kuzuia mbu wa vyooni ni jambo kubwa. Ndio wanaoeneza matende na mabusha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walifanya kazi hiyo Makunduchi, Unguja, kwa njia safi zaidi: walimwaga kwenye vyoo vyenye maji chembe za polistirini, lile povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, likatanda juu ya maji, na pamoja na dawa walizomezeshwa wananchi mbu na ugonjwa vilipungua sana. Lakini hakuna aliyedai kwamba kina cha tope kilishuka. Mbu ni jambo moja, kujaa ni jingine. Mafuta ya taa chooni ni hatari ya moto, na yakipenya ardhini yanafika kwenye kisima.

Oili chafu ni mbaya zaidi. Inajipaka kwenye kuta za shimo na kuzifanya zisinyonye maji tena. Nimeona shimo lililokuwa linafanya kazi vizuri likageuka kuwa tanki baada ya mwenye nyumba kushauriwa na fundi wa gereji. Magadi, sabuni ya unga na dawa za kuondoa madoa kwenye nguo, ukizimwaga kwa wingi, zinaua vijidudu vilevile unavyovihitaji. Maji ya betri yana asidi na risasi, sumu inayobaki ardhini muda mrefu baada ya wewe na mpangaji wako kuondoka. Kabaidi ya wachomeleaji ikigusana na maji inatoa gesi ya asetilini. Mtu mwenye sigara au kibatari akiingia chooni, kuna mlipuko. Tafadhali, usijaribu hata mara moja.

Zimebaki pakiti za unga wa bakteria, zenye maandishi mazuri na picha ya choo kinachong'aa. Hapa ndipo wasomi wanaponibishia. Wananiambia hii si chumvi, hii ni sayansi. Sawa, tuzungumze sayansi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kule Durban, Afrika Kusini, walizichukua dawa za namna hiyo zilizokuwa sokoni, wakazipima maabara na kwenye vyoo vinavyotumika, wakilinganisha na vyoo visivyotiwa kitu. Hawakuona dalili kwamba zinapunguza tope. Sababu si ngumu. Gramu moja ya kinyesi huja na mabilioni ya bakteria wake, na kila anayeingia chooni anaongeza wengine bure. Shimo halina upungufu wa bakteria. Kijiko cha unga hakibadilishi kitu. Kinachochelewesha kuoza ni kwamba chini ya shimo hakuna hewa, na sehemu kubwa ya kilichobaki humo ni kile ambacho vijidudu vimeshindwa kukila au haviwezi kukila kamwe. Hakuna bakteria wa pakiti anayekula kandambili.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana hapa ndipo choo chako kinapojazwa.

Wataalamu wa fani hii hukadiria kwamba mtu mmoja huacha shimoni lita 40 hadi 60 za tope kwa mwaka, baada ya maji kunywea na vijidudu kula. Arobaini ni kwa wanaojisafisha kwa maji na hawatupi kitu kingine. 60 kwa wanaotumia karatasi. Kwa vyoo vya wapangaji shika 60, kwa sababu vinatupiwa kila kitu.

Shimo la kawaida la mviringo, upana mita 1.2 na kina mita 3, ukiacha nusu mita ya juu isijae, lina nafasi ya lita 2,800 hivi. Familia ya watu sita inaacha lita 360 kwa mwaka. Shimo hilo litawafaa kwa miaka karibu minane. Mzee wetu wa stesheni nilipomuuliza idadi ya wapangaji alinijibu bila kusita: "Wanane." Alikuwa anahesabu milango. Tulipopita chumba kwa chumba, pamoja na watoto, shemeji waliokuja kutafuta kazi na binti wa kazi wa chumba cha pili, tulipata watu 26. Watu 26 kwa lita 60 ni lita 1,560 kwa mwaka. Shimo lile lile la miaka minane sasa halimalizi miaka miwili. Choo hakijarogwa, hakijaharibika, wala fundi hakumwibia. Kinafanya kazi ya familia nne na zaidi.

Na hapo sijagusa bafu. Mtu anayeoga kwa ndoo moja kwa siku anatumia lita 20 hivi. Watu 26 ni lita 520 kila siku, zote zinaingia shimo lile lile. Ukilinganisha, maji ya kuoga ya siku tatu ni sawa na tope la watu wote hao kwa mwaka mzima. Siku tatu! Kiangazi udongo unajitahidi kuyanywa. Masika, ardhi ikiwa imeshiba na maji ya kutoka Uluguru yakiteremka kuelekea bonde la Ngerengere, hayana pa kwenda. Povu la sabuni na mafuta ya mwili nayo yanaziba kuta taratibu. Ndiyo maana simu zangu nyingi huja Aprili. Choo unachodhani kimejaa kinyesi, mara nyingi kimejaa maji ya kuoga.

Kosa hili lina historia, na si la mtu mmoja. Choo cha shimo tulichokizoea ni choo cha kaya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu nchi nzima. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Desemba 2017 ikaja Nyumba ni Choo, nayo ikawasukuma wengi kuboresha. Zote mbili zilizungumza na baba, mama, watoto na bibi wa nyumba moja, na vipimo vilivyozoeleka kwa mafundi wetu vikabaki vya familia hiyo. Wakati huohuo Kingolwira imebadilika. Sehemu iliyojulikana kwa stesheni, gereza na mkonge sasa ina vyumba vya kupanga kila uchochoro, na tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, naona misingi mipya ya vyumba vya uani ikiongezeka. Vyumba vinaongezwa, shimo linabaki lile lile alilochimba marehemu baba.

Kuna dawa nyingine ambayo haiuzwi dukani na ambayo inanikasirisha kuliko zote: kutapisha choo. Mvua kubwa ikianza usiku, mtu anatoboa ukuta wa shimo au anafunua bomba, na tope linaondoka na mafuriko. Asubuhi choo kina nafasi. Wenye nyumba wanaofanya hivi hujiona wajanja, na majirani hunyamaza kwa kuwa nao wanafanya. Tope hilo linapita mbele ya milango, mahali watoto wanapocheza, linaingia kwenye visima vifupi, linaishia mto Ngerengere. Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio maji ya kunywa ya Dar es Salaam, nyumbani kwa yule kijana mwenye kiwanja aliyeniuliza habari za dawa. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 hakikukaa huko. Kilifika hadi Morogoro. Mayai ya minyoo ya tumbo yaliyomo kwenye tope yanaweza kukaa udongoni miezi mingi yakiwa hai, yakisubiri mtoto asiyenawa mikono. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zote zinakataza kumwaga majitaka ovyo, lakini mimi sikuombi uache kwa kuogopa faini. Acha kwa sababu unawalisha watu kinyesi.

Na wengine wanakimbilia kuchimba. "Fundi ameshuka mita nane, akakuta maji, sasa hakitajaa tena." Hakitajaa kwa sababu kinyesi chako sasa kinaelea kwenye maji ambayo jirani anayavuta kisimani. Chini ya shimo panatakiwa pabaki angalau mita moja na nusu ya udongo kabla ya kufikia maji, kwa kiwango cha masika na si cha kiangazi, na kati ya choo na kisima ziwe mita 30. Kama kiwanja chako kina maji karibu, inua choo juu kwa ngazi badala ya kuchimba zaidi.

Basi ufanye nini? Nafasi imebaki ndogo, nitakwenda haraka.

Kwanza, tenga maji ya bafu leo. Yachimbie shimo lake la kunyonya, lijazwe mawe au vipande vya matofali, mbali na msingi wa nyumba na mbali na shimo la choo. Hii ndiyo kazi ya gharama ndogo kuliko zote, na ndiyo inayoleta nafuu kubwa kuliko zote. Wapo ambao hawatahitaji kufanya kitu kingine kwa miaka kadhaa.

Weka ndoo yenye mfuniko ndani ya choo kwa ajili ya pedi na pampasi, na weka mtu wa kuimwaga. Usibandike tangazo la kuwafokea wanawake wakati hujawapa pa kutupia.

Pima. Chukua ufito mrefu, funga kitambaa mahali panapogusa tope, pima pembeni na si chini ya tundu penye kichuguu. Andika tarehe ukutani. Rudia baada ya miezi mitatu. Utajua mwenyewe choo chako kinajaa kwa kasi gani, na hakuna mchuuzi atakayekudanganya tena.

Kama ni kujenga upya, jenga choo kitakachonyonywa na gari la majitaka. Shimo lijengewe tofali kuanzia chini hadi juu, tofali za chini zikiachiwa nafasi za maji kupita na nusu mita ya juu ikifungwa kwa simenti. Weka mfuniko wa pembeni unaofunguka. Acha njia ya gari au angalau mahali bomba la gari litafika. Wenye nyumba wengi wamejenga vyumba hadi ukutani kwa jirani, choo kikabaki kimefungiwa katikati. Ukiwa na nafasi, chimba mashimo mawili ya kupokezana: moja likijaa unalifunga na kuhamia la pili, na lile la kwanza unaliacha angalau mwaka mzima, miwili ni bora zaidi, kabla ya kulifukua. Ukiwa na maji ya bomba ya uhakika na vyumba zaidi ya kumi, jenga tanki la vyumba viwili na shimo lake la kunyonya, ila ujue tanki nalo hunyonywa. Anayekuambia tanki lake halijawahi kunyonywa kwa miaka kumi na tano ana tanki linalovuja au lililojaa tope mpaka juu.

Gari la majitaka ndilo jibu la shimo lililojaa. Magari ya kawaida hubeba lita 3,000 hadi 10,000, kwa hiyo choo cha familia hutosha kwa safari moja. Takataka zitolewe kwanza, maana mifuko na nywele za bandia huziba bomba na utalipia usumbufu. Hakikisha linakokwenda ni mabwawa ya majitaka ya Mafisa na si korongoni. Majirani watatu mkipanga siku moja, mnaweza kuongea bei.

Mtu asiingie shimoni. Narudia: mtu asiingie shimoni, awe fundi, awe chura, yaani mtapishaji vyoo aliyezoea, awe mwanao anayefuata simu iliyodondoka. Gesi ya humo ina harufu ya yai viza, lakini ikizidi pua huacha kuisikia, na mtu huanguka akidhani pako salama. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Nani alipe kunyonya? Wewe, mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwenye nyumba mzigo wa kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu, na chumba unachopangisha mtu kuishi kinatakiwa kifae kuishi. Choo kilichofurika hakifai. Kama unataka wapangaji wachangie, mwandikiane kwenye mkataba kabla hawajahamia, kiasi na utaratibu, si kuwapitia na daftari usiku choo kikishajaa. Kwenye mkataba huohuo andika idadi ya watu wa kila chumba. Najua si rahisi kumkatalia mpangaji mdogo wake aliyetoka kijijini, na sikuambii umfukuze. Nakuambia umhesabu.

Halafu toa fungu kwenye kodi. Unapopokea kodi ya miezi mitatu au sita, kuna sehemu ambayo si yako, ni ya choo. Piga simu leo uulize bei ya gari, igawe kwa miezi ambayo ufito wako umekuonesha, na kiasi hicho kiweke pembeni kila mwezi. Ukikuta kodi unayotoza haitoshi kulipia choo, basi umekuwa ukipangisha kwa hasara na kuifidia kwa afya ya watu. Panga kodi upya, kwa uwazi, ukiwaeleza sababu. Wapangaji wengi niliozungumza nao wako tayari kuongeza kidogo wapate choo kisichofurika Aprili.

Masika yanaanza Machi. Kabla hayajafika, hesabu watu na si milango, tenganisha bafu na choo, uliza bei ya gari. Na ile chumvi iliyoning'inia nyuma ya mlango, irudishe jikoni.